Mahari ya Mtaa Wetu

Garland, Texas
15 Septemba 2024

Mama yangu Bi Jannat,

Shikamoo. Nimeshika kalamu kwa sababu wewe umegoma kuzungumza nami kwa simu. Mdogo wangu Aboud amenipa hoja yako: kuta za nyumba yake huko Houston ni nyembamba, na ukisema nami kwa simu basi wajukuu, mkwe na majirani wote wanafaidi. Haya, barua haina mlio. Lakini mwandiko wangu umeharibika kwa miaka ya kubonyeza kompyuta ya hospitali, usinicheke.

Mama, ulisema unakwenda kwa mwanao wa kiume wiki mbili. Sasa ni miezi mitano. Chumba chako kipo vile vile, kanga zako zimekunjwa ulivyoziacha. Ngwali kila akirudi na lori lake la mizigo huniuliza, "Mama mkwe hajasema neno?" Anajifanya ana hamu na wewe, kumbe ana hamu na mkate wa kumimina. Mwenye hamu na wewe ni mimi.

Ninajua kilichokuondosha. Gari lile lilikugusa kiwiko kwa kioo chake cha pembeni, ukaangukia kwenye majani, na mimi kwa hofu nikavichukua viatu vyako vya kamba nikaviweka juu ya kabati. Nilitaka usitoke tena kwa miguu. Sasa wewe mwenyewe si unaujua mtaa wetu? Barabara pana kama ya kurukia ndege, njia ya miguu hakuna, kivuli hakuna, na kila aliyechoka kusubiri taa nyekundu za barabara kubwa anapitia kwetu mbio.

Basi habari njema ni hii. Watu wa manispaa wanataka kuutengeneza mtaa. Watapunguza upana wa barabara, wataweka matuta, njia ya miguu upande mmoja, njia ya baiskeli upande wa pili, na miti ya mialoni kotekote. Sharti lao ni moja: wenye nyumba waje kwenye mkutano, na zaidi ya nusu ya nyumba zinyooshe mkono, kila nyumba mkono mmoja. Mimi na jirani Moraa, yule nesi Mkenya wa nyumba ya kona, tumejitwika kazi ya kuwaita watu. Mtaa ukitengenezwa, Mama, utarudi?

Mwanao anayekusubiri,
Badria


Houston
24 Septemba 2024

Badria,

Marahaba, mwanangu. Mwandiko wako nimeuona. Kuku akikanyaga wino ataandika vizuri zaidi, lakini nimeusoma mara tatu.

Sisi huku wazima. Aboud anatengeneza viyoyozi vya watu mchana kutwa, kisha akirudi kwake chake kimeharibika. Nimepata shoga, anaitwa Naserian, Mmasai wa Kenya, nesi mstaafu, anakaa nyumba ya pili. Kiswahili chake kina mambo, lakini moyo wake hauna.

Unaniuliza nitarudi. Mimi sikuwekwa duniani kukaa ndani nikitazama dirisha. Miaka thelathini nilikuwa mwalishi, kazi yangu kualika watu harusini. Hakukuwa na harusi Ng'ambo wala Mji Mkongwe watu wakaalikwa ila miguu hii imepita mlango kwa mlango, mvua na jua. Halafu nije Marekani nifungiwe viatu na binti niliyemzaa! Siku mtaa wako utakapopitika kwa miguu, nitarudi. Si kabla. Na mimi nikisema neno unanijua.

Nitumie hivyo viatu vyangu vya kamba. Usiulize vya nini.

Mama yako


Garland
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Viatu nimevituma, na sikuuliza, ingawa ulimi unaniwasha.

Mkutano umeanguka. Tulichapisha karatasi nzuri za rangi, tukazichomeka kwenye milango yote. Waliokuja ni mimi, Ngwali niliyemburura, Moraa, na bibi mmoja wa Kivietnamu aliyekuwa anatembeza mbwa wake. Yule bwana wa manispaa alitazama viti vitupu, akafungasha michoro yake, akasema atatupa nafasi moja tu nyingine, Jumamosi ya tarehe kumi na sita Novemba. Tukishindwa, miti na matuta vinapelekwa mtaa mwingine.

Tumegundua kosa letu. Huu ni msimu wa uchaguzi, milango imejaa karatasi za wagombea, na zetu zimetupwa pamoja nazo. Moraa alishika kiuno akasema, "Badria, hawa majirani wetu hata hawa-read. Wanatoa tu kwa mlango, straight kwa dustbin. Nimechoka mimi, aki."

Halafu kuna Severin, yule Mkongomani wa nyumba ya mkabala anayepeleka abiria uwanja wa ndege. Magari yake matatu yanalala barabarani kwa sababu gereji yake imejaa magodoro na majiko ya kupeleka Lubumbashi. Nilimfuata nikamweleza habari ya miti. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, mimi sina shida na miti, mais, lakini, magari yangu nitayaweka wapi? Juu ya miti, hapana." Na Severin akikataa, nusu ya mtaa inamfuata, maana ndiye anayewasukumia gari zikigoma.

Nimevunjika moyo, Mama. Nilishaanza kukuona unapita chini ya hiyo mialoni.

Badria


Houston
13 Oktoba 2024

Badria mwanangu,

Nilipofika kwenye karatasi za rangi nilicheka mpaka Aboud akaja kuuliza kulikoni. Umesomeshwa, umepewa kazi kubwa, na umesahau kazi iliyokusomesha! Watu hawaji kwa karatasi. Watu huja kwa kualikwa.

Basi nisikilize, nikupe kazi yangu, maana huna dada wa kuirithi. Koga, vaa buibui lako jema, jifukize udi. Nenda kwa miguu. Mwalishi haendi kwa gari, akienda kwa gari watu hudhani amekuja kudai. Anza na nyumba iliyokasirika, kwa sababu mwenye hasira akisikia mwaliko kwa mtu wa pili huongeza hasira. Kwa hiyo Severin awe wa kwanza. Mtake mke wa nyumba kwanza. Uliza wote kwa majina, na mgonjwa usimsahau, na mtoto usimruke. Chukua visheti kwenye kikapu, kila mlango uache vichache.

Na hapa ndipo wengi hukosea: usitaje jambo mlangoni. Ukitaja jambo watalipima jambo, na wewe watakusahau. Sema umetumwa. Mwalishi hajialikii mwenyewe, anatumwa na mwenye shughuli. Mwenye shughuli ni mimi. Sema hivi: "Mama yangu Bi Jannat anakusalimuni na anakualikeni Jumamosi ya tarehe kumi na sita baada ya adhuhuri, hapa hapa mtaani, mkubwa na mdogo, msiache mtu nyumbani. Mengine mtayasikia hapo hapo." Kisha geuka uende zako, usikae kujieleza.

Wazee walisema kataa neno, usikatae wito. Wakishaitika wito, neno tutajua namna ya kulisema.

Mama yako


Ujumbe wa simu, 20 Oktoba 2024

Dada, don't panic, lakini Mama ana mambo. Kila asubuhi anavaa vile viatu ulivyomtumia, anajipaka mafuta mazuri, anatoka na Naserian. Namuuliza anakwenda wapi, ananiambia "kutazama maji." Maji gani? Anarudi amepauka vumbi, uso unang'aa, anaimba jikoni. Juzi nimemsikia anamwambia Naserian, "Aboud asijue, na Badria ndiyo kabisa." Sista, Mama ana mtu. Nakwambia.
Aboud


Garland
27 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimealika mtaa mzima!

Nilianza kwa Severin kama ulivyoniagiza. Mkewe Cécile alinusa udi, akaniingiza ndani, akanikalisha, akaniletea soda. Nilipowauliza watoto wote kwa majina alinishika mkono. Nikasema maneno yako, sikupunguza wala sikuongeza, kisha nikaondoka. Kwa wasiojua Kiswahili niliyasema kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa Kimarekani alitaka kunifungia mlango akidhani nimekuja kuomba kura, nikamtilia kisheti mkononi, akakila pale pale, akaniuliza vinatengenezwaje.

Tena Mama, nilipata funzo. Miaka minane nakaa mtaa huu na sikuwahi kuupita kwa miguu mwisho hadi mwisho. Gari zilinipita karibu hadi buibui likapepea. Jua limenipiga kichwani, hakuna hata pa kusimama upumue. Nilielewa ulikuwa ukitembea katika nini.

Watu wote wamesema watakuja. Wana furaha isiyo ya kawaida, ndiyo inanishangaza kidogo. Jirani wa Kimeksiko aliniuliza wavae rangi gani. Nikamwambia yoyote.

Sasa Mama, na mimi nina swali, na nakuomba usinikasirikie. Kama kuna jambo huko Houston, jambo linalokufurahisha na ambalo unaona haya kutuambia sisi watoto wako, sema tu. Baba ametangulia miaka mingi. Sisi ni watu wazima, tutaelewa. Nitajitahidi kuelewa.

Badria


Houston
2 Novemba 2024

Badria,

Aboud ameniona, siyo? Nilijua. Mtoto yule tangu utotoni hana siri hata ya kikombe alichokivunja mwenyewe.

Haya, kuna jambo. Nimelianza mwezi wa tisa na nikalificha kwa sababu nakujua. Ungesema, "Mama, kwa umri huo?" Naserian ndiye aliyeniingiza, yeye ana uzoefu wa miaka. Siku ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani. Siku ya pili nilicheka kama msichana. Huku kuna mto mdogo, wenyewe wanauita bayou, na kando yake njia nzuri isiyopita gari, ndiko tunakokwenda asubuhi na watu wanatupungia mkono. Nimepata raha ambayo sikuipata tangu baba yenu atutoke. Ndiyo hivyo, nimeshasema.

Sitaki kulijadili kwa barua. Nakuja kwenye shughuli yangu tarehe kumi na sita, Naserian ataniendesha kwa pikapu ya Aboud, na jambo lenyewe mtaliona kwa macho yenu mbele ya watu. Kama mtaona aibu, tazameni pembeni.

Mama yako


Ujumbe wa simu, 9 Novemba 2024

Aboud, pokea simu! Mama amekubali mwenyewe kwa mkono wake. Anakuja NAYE Jumamosi, mbele ya watu! Na kuna balaa la pili. Moraa amenikumbatia leo parking ya hospitali: "Congrats bana! Mbona hukuniambia mathe anaolewa siku ya meeting yetu? Street yote iko na shangwe." Mtaa wote unadhani nimewaalika harusi ya Mama! Nilikwenda na udi, na visheti, na buibui jema, nikasema nimetumwa na Mama na sikutaja jambo. Wangedhani nini? Cécile ameshona nguo. Wengine wameshanunua zawadi. Ngwali ametoka kutafuta sufuria la pilau ya watu mia. Mwanamume mwenyewe ni nani? Ana jina?
Badria

Dada sina hata jina. Kazini sipati ruhusa Jumamosi, pikapu tu ndiyo inakuja. Wewe pika. Mengine Mungu anajua. 😂
Aboud


Garland
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Aboud,

Nimeshaizoea kalamu, na mambo ya jana hayaingii kwenye simu. Kaa chini.

Asubuhi Ngwali alikuwa gerejini na sufuria lake, jasho linamtoka, anakaanga vitunguu na kuniuliza kila dakika kama bwana harusi anakula pilipili. Mimi nilikuwa nimepanga hotuba ya kuwaomba watu radhi. Nikatoka nje nikiwa nimeishika mkononi, nikasimama. Aboud, barabara ilikuwa tupu! Severin ameondoa magari yake yote matatu. Amehamisha magodoro ya Lubumbashi, ameyapanga yote nyuma ya nyumba chini ya turubai, magari mawili yamo gerejini na la tatu ameliegesha kanisani kwao. Kibali cha kufunga mtaa kwa siku moja Moraa alikuwa nacho, na Severin ndiye aliyesimama kwenye kona kapiga suti, anapanga viti vya plastiki kuzuia gari. Nikamwambia, "Kaka Severin, ulisema huna pa kuyaweka." Akasema, "Juu ya miti, dada. Hii ni mariage. Bibi harusi atapita wapi?"

Watu wakamiminika. Tambi za Kivietnamu, tamali za mahindi za Kimeksiko, keki ya ghorofa tatu kutoka kwa yule mzee wa kisheti. Zawadi zikajaa meza mbili. Na watoto, Aboud, watoto wa mtaa huu ambao huwa siwaoni ila ndani ya gari wamefungwa mikanda! Walitoa baiskeli, wakatoa viatu vya magurudumu, wakachora chaki barabarani. Bwana wa manispaa alifika na michoro yake akanong'ona, "Nimekosea mtaa?" Nikampa sahani.

Kisha pikapu yako ikatokea mwisho wa mtaa. Nikamwona Naserian akishuka. Nikatazama upande wa pili ashuke mwanamume. Hakushuka mtu. Naserian na Ngwali wakazunguka nyuma ya gari, wakashusha baiskeli. Ya magurudumu matatu, nyekundu, ina kikapu nyuma na kengele. Mama akateremka, buibui kalibana vizuri, viatu vya kamba, kofia ya plastiki juu ya mtandio. Akapanda. Akaja, Aboud, katikati ya barabara, peke yake, polepole, anapiga kengele kama mwenye mji, na Naserian anakuja nyuma kwa miguu akipiga makofi.

Cécile akapaza sauti, "Bibi harusi iko anakuja!" Wanawake wakapiga vigelegele, hata wasiojua vigelegele. Mimi nikakaa chini ukingoni mwa barabara nikalia na kucheka kwa pamoja. Mama ndiye aliyekuwa na mtu! Mtu mwenyewe baiskeli!

Alipofika katikati nilimkimbilia nikamnong'oneza balaa lote, kwamba wamekuja harusini. Unadhani alibabaika? Akanitazama, akasema, "Na wewe uliyaamini?" Kisha akasimama kwenye kanyagio, akaniamuru nitafsiri, akasema:

"Jamani nimekusikieni. Ni kweli nimekualikeni harusi. Bwana harusi ni mtaa huu. Nilimpenda, akaniangusha, nikamkimbia. Sasa anasema atatengenea: atapanda miti, ataacha mbio, atanipa njia ya kupita. Nimekubali kurudiana naye, lakini mahari yake mnayo nyinyi. Kila nyumba mkono mmoja juu. Kama hamtaki, kuleni pilau yangu mwende kwa salama, kataa neno, usikatae wito."

Kwanza mzee wa kisheti akainua mkono. Bibi wa Kivietnamu akainua, na mbwa akabweka. Ikawa mkono huu na mkono ule, bwana wa manispaa anahesabu mdomo wazi. Watu wakawa wanamtazama Severin. Yeye alikuwa anatazama pale magari yake yanapolala, binti zake wawili wadogo wanazunguka na baiskeli pale pale. Ila mikono yake ilikuwa na kazi, maana Cécile alikuwa ameshamshusha Mama na kupanda baiskeli yeye, na Severin ndiye aliyeshika usukani mkewe asianguke na gauni jipya. Cécile akainua mkono wake juu kabisa. "Nyumba moja, mkono mmoja!" akasema. Severin akatikisa kichwa, akacheka. "Ça va, sawa. Nyumba imesema."

Tumepita nusu, tena kwa mbali.

Leo asubuhi wameondoka. Nilidhani Mama atabaki, nilimtandikia kitanda. Akanibusu, akapanda pikapu, akachukua na zawadi zake: jiko la wali, na mashuka yenye picha za mioyo, anasema zawadi hairudishwi. Nilimuuliza, "Mama, si wamekubali?" Akanijibu ataniandikia. Gari likaondoka, nikabaki nimesimama barabarani kama mtoto wa siku ya kwanza ya skuli. Nina furaha na roho inaniuma. Mtazame vizuri.

Dada yako,
Badria


Houston
8 Desemba 2024

Badria mwanangu,

Ulinitazama vibaya siku ile nilipopanda gari, nikaondoka na macho yako yote njia nzima mpaka Houston. Kwa hiyo nakwambia ukweli. Nisingeweza kukwambia kwa simu, ningelia, na Aboud ana kuta nyembamba.

Gari liliponigusa sikuumia. Nilipangusa majani nikasimama. Kilichoniuma ni jioni yake, nilipokuona umepanda kiti unaweka viatu vyangu juu ya kabati. Uliniangalia kama unavyowaangalia wagonjwa wako. Nikasema moyoni, nikikaa hapa nitakuwa mgonjwa kweli, kwa kumridhisha mwanangu. Ndiyo nikaondoka. Sikukimbia gari, nilikimbia lile jicho lako.

Hukukosa. Unanipenda, na mapenzi yana woga wake. Hata mimi ulipoanza kutembea nilikufuata nyuma nimekunja mgongo, tayari kukudaka, mpaka bibi yako akanivuta kanga, akaniambia, "Mwache aanguke kidogo." Na wewe niache nianguke kidogo.

Mkono ulioinuliwa si mti uliopandwa. Nimewaona watu wengi wakiitika mwaliko wasije. Nasubiri nione kama mtaa utatimiza, na kama na wewe utatimiza.

Baiskeli haijambo. Naserian ananiambia nikanyage taratibu kwenye kona. Simsikilizi.

Mama


Garland
2 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mwezi mzima na zaidi. Niliisoma gerejini, kwenye gari, chumba cha chai kazini. Mara mbili nilianza kukujibu nikachana. Sasa nakujibu kwa yaliyokwisha kufanyika.

Matuta yamewekwa. Wale wa kupita mbio walikuja siku ya kwanza, gari zikaruka, siku ya pili wakaja wachache, sasa wamerudi kwenye taa zao. Barabara imepungua upana, njia ya miguu imemwagwa zege upande wetu, ya baiskeli imechorwa upande wa kina Severin. Mwezi uliopita tulipanda mialoni, mtaa mzima na majembe. Bado myembamba kama vijiti vya ufagio, kivuli chake hakimtoshi paka. Lakini kila nyumba imepewa mmoja wa kuumwagilia. Wa kwetu nimeupanda mimi. Severin anamwagilia wake na wa kwetu pia ninapokuwa zamu, na hasemi. Nilimkamata na ndoo, akaniambia, "Ni mti ya bibi harusi."

Jumapili nilitembea mtaa mzima kwenda na kurudi. Nilikutana na majirani zaidi ya niliokutana nao kwa miaka minane. Nilipofika nyumbani nikagundua sikugeuka nyuma kutazama gari hata mara moja.

Kuhusu sehemu yangu: kabati lile nimelitoa chumbani kwako. Ngwali amepiga msumari ubao wa viatu mlangoni, chini kabisa, mkono unafika bila ya kiti. Vyangu vipo, vya Ngwali vipo, nafasi moja iko tupu. Sitakuuliza unakwenda wapi. Nitataka kukuuliza, nitauma ulimi.

Ramadhani inakaribia. Njoo, Mama.

Badria


Garland, jikoni
22 Februari 2025

Badria,

Ukiamka utanitafuta, kwa hiyo nakuachia haka kabarua juu ya meza ya chai, tabia tumeshaizoea.

Nimetoka. Usitazame ubao wa viatu ukashtuka, vyangu ninavyo miguuni. Nakwenda kualika watu futari ya siku ya kwanza. Nitaanza kwa Cécile, na kwake nitachelewa, nimemwahidi kumfundisha kukata kona kwa baiskeli. Kisha nitapita nyumba moja moja, na kwa yule mzee wa visheti nitakaa kidogo maana sasa anavipika mwenyewe na anataka nimsahihishe.

Simu nimeiacha hapa kando ya barua. Sikuisahau.

Chai ipo kwenye chupa. Usije kunitafuta kwa gari. Ukiona nimekawia sana na moyo umekushinda, vaa viatu uje kwa miguu. Nitakuwa mtaani humu, penye miti.

Mama yako